Kurudisha programu ya zamani kulivyoiponza Knight Capital

KWA dakika 45 tu za asubuhi ya Agosti 1, 2012, kampuni ya udalali wa hisa ya Knight Capital ya Marekani ilinunua na kuuza mamilioni ya hisa ambazo hakuna mteja aliyeziagiza, na ikajikuta na hasara ya zaidi ya dola milioni 460. Hapakuwa na mwizi wala mfanyakazi aliyecheza na vitabu. Programu mpya ya kompyuta ilikuwa imewekwa kwenye seva saba badala ya nane.

Habari ya seva ya nane imesimuliwa sana. Jambo ambalo husimuliwa kidogo, na ambalo ukurasa huu unaliona ni kubwa zaidi kwa mwenye hisa, ni kwamba mambo yalizidi kuharibika pale mafundi walipoanza kuyatengeneza. Waliondoa programu mpya na kurudisha ya zamani, kama ambavyo fundi yeyote angefikiria kufanya. Kwa kitendo hicho seva saba zilizokuwa nzima nazo zikaugua ugonjwa wa ile moja.

Msomaji mwenye akaunti benki hupata mara kwa mara ujumbe kwenye simu kwamba mitambo itakuwa katika matengenezo usiku wa Jumamosi, na kwamba benki inaomba radhi kwa usumbufu. Wengi wetu tunausoma na kuufuta, tukiamini ni mambo ya mafundi. Lakini usiku huo ndio biashara nzima hubebwa kutoka programu moja kwenda nyingine, pamoja na amana za watu. Ikishindikana, kinachoamua ukubwa wa hasara ni kama kuna mtu aliyepanga mapema namna ya kurudi. Ndiyo maana tumeona tuifuate Knight hatua kwa hatua, kwa kuwa Tume ya Hisa na Dhamana ya Marekani (SEC) iliichunguza na kuyaweka mambo yote hadharani Oktoba 2013.

Knight haikuwa kampuni ya uchochoroni. Kwa mujibu wa Tume, biashara yake ilikuwa karibu asilimia 10 ya hisa zote zilizokuwa zikiuzwa na kununuliwa katika masoko ya Marekani. Oda za wateja zilipitia kwenye mtambo wake ulioitwa SMARS. Kazi ya mtambo huo ilikuwa kupokea oda kubwa, ambayo wenyewe waliiita oda mama, na kuikatakata kuwa oda ndogo ndogo, yaani oda watoto, kisha kuzipeleka sokoni moja baada ya nyingine hadi idadi aliyoagiza mteja itimie.

Mfano wake ni mwenye duka Kariakoo anayemtuma kijana akanunue magunia 100 ya mchele, lakini kidogo kidogo, ili wauzaji wasishtuke wakapandisha bei. Kijana huyo anahitaji mtu wa kuhesabu mlangoni. Magunia yakifika 100 anaambiwa basi, yametosha. Asipokuwepo wa kuhesabu, kijana ataendelea kununua mpaka fedha ziishe au soko lifungwe.

Sasa, ndani ya SMARS kulikuwa na sehemu ya zamani iliyoitwa Power Peg. Knight iliacha kuitumia mwaka 2003, lakini haikuifuta. Ilibaki humo humo, imelala. Mwaka 2005 wataalamu wa kampuni walimhamisha yule mhesabuji, yaani sehemu ya programu iliyokuwa ikijumlisha hisa zilizokwisha kununuliwa, wakamweka mahali pengine kwenye mtambo. Hawakuijaribu tena Power Peg baada ya mabadiliko hayo. Kwa nini waijaribu, ikiwa haitumiki? Kuanzia siku hiyo Power Peg ikawa kijana asiye na wa kumwambia yametosha, na kwa miaka saba hakuna aliyejua.

Mwaka 2012 Soko la Hisa la New York lilitangaza mpango mpya kwa ajili ya wawekezaji wadogo, uanze Agosti 1. Knight ilibidi iandike programu ya kushiriki. Ndipo waandishi wa programu hiyo walipofanya uamuzi ambao kwa jicho la mhasibu ni sawa na kutumia tena namba ya akaunti iliyofungwa bila kuhakikisha kama imefungwa kweli. Alama iliyokuwa ikiiamsha Power Peg zamani waliipa kazi mpya ya kuiamsha programu ya mpango wa New York. Walikusudia kuifuta Power Peg wakati huo huo, hivyo alama isingekuwa na maana mbili.

Programu mpya ilianza kuwekwa Julai 27, seva chache kwa siku. Huo ulikuwa utaratibu mzuri. Lakini fundi aliyekuwa akiiweka hakuinakili kwenye seva moja kati ya nane, na hapakuwa na fundi wa pili wa kupitia kazi yake. Wala kampuni haikuwa na utaratibu wa maandishi uliodai apatikane. Duka lolote la jumla lenye nidhamu halimruhusu anayepokea fedha awe ndiye huyo huyo anayehesabu sanduku jioni. Kampuni iliyokuwa ikishika sehemu ya kumi ya soko la Marekani haikuwa na kanuni hiyo kwenye seva zake.

Asubuhi ya Agosti 1, ilipotimu saa 2:01 kwa saa za New York, saa moja na nusu kabla ya soko kufunguliwa, mtambo wenyewe ulianza kulalamika. Barua pepe 97 zilitumwa kwa wafanyakazi kadhaa zikiutaja SMARS na kosa lenye jina la Power Peg. Barua hizo hazikutengenezwa kuwa king'ora, na kwa kawaida watu hawakuzisoma zilipoingia. Hakuna aliyechukua hatua.

Saa 3:30 soko likafunguliwa. Oda zenye ile alama zilipofika kwenye seva saba, zilishughulikiwa vizuri. Zilizofika kwenye seva ya nane ziliiamsha Power Peg. Oda mama 212 tu za wawekezaji wadogo zilizaa mamilioni ya oda watoto. Hadi mambo yanasimamishwa, Knight ilikuwa imefanya manunuzi na mauzo zaidi ya milioni 4 katika hisa za kampuni 154, jumla ya hisa zaidi ya milioni 397. Katika kampuni 80 ilijikuta imenunua hisa za takriban dola bilioni 3.5 ambazo haikuzihitaji. Katika nyingine 74 ilikuwa imeuza hisa za takriban dola bilioni 3.15 ambazo haikuwa nazo, na kwa hiyo ilipaswa kuzitafuta na kuzinunua ili imkabidhi mnunuzi.

Hapa kuna jambo linalowahusu wahasibu. Manunuzi yasiyolingana na oda ya mteja yeyote yaliingia kwenye akaunti ya muda, iliyoitwa Akaunti 33, mfano wa ile akaunti ambamo kila karani huweka kiasi asichojua ni cha nani mpaka atakapokipatanisha. Akaunti hiyo ilikuwa na kikomo cha dola milioni 2. Kikomo kilikuwepo kwenye makaratasi, lakini hakikuunganishwa na mtambo wowote wa kuzuia oda. Akaunti ikapita milioni 2, ikapita bilioni, na mtambo ukaendelea kununua. Chombo cha kutazama akaunti hiyo kilimtegemea mtu aliyeketi mbele yake, na chenyewe hakikuweza kupiga kelele.

Wafanyakazi waliona kuna balaa, lakini hawakujua linatoka wapi. Turudi basi kwenye uamuzi wa kurudisha programu ya zamani. Fundi anafikiri hivi: jana mitambo ilikuwa salama, leo tumeweka kitu kipya, matatizo yameanza, kwa hiyo tuondoe kitu kipya. Mara nyingi hesabu hiyo huwa sahihi. Ila inakuwa sahihi kwa sharti moja, kwamba kila kitu kingine kimebaki kama kilivyokuwa jana. Hapa hakikubaki. Oda zilikuwa bado zinaingia zikiwa na ile alama, ambayo jana haikuwa ikitumwa. Walipoiondoa programu mpya kwenye seva saba, kilichobaki ndani ni Power Peg, na oda zilizofuata ziliiamsha huko nako.

Walichopaswa kufanya kwanza ni kukata mawasiliano kati ya SMARS na soko, hata kabla ya kujua kosa ni lipi. Kufanya hivyo kungekuwa na gharama: wateja wangekasirika na mapato ya asubuhi hiyo yangepotea. Lakini hesabu ya haraka inaonyesha kuwa dola milioni 460 zikigawanywa kwa dakika 45 ni zaidi ya dola milioni 10 kwa dakika. Tume ilisema Knight haikuwa na maelekezo ya kuwaongoza wafanyakazi wakati wa tukio kama hilo, kwa mfano lini mtambo unaoharibika utolewe sokoni. Mafundi waliachwa watafute ugonjwa kwenye mtambo unaoendelea kununua.

Baada ya kusimamisha kuna kazi ya tatu ambayo si ya mafundi tena. Programu inaweza kufutwa na kuwekwa upya, lakini biashara iliyokwisha fanyika haifutiki. Kila hisa iliyonunuliwa ilikuwa na muuzaji upande wa pili, anayedai fedha zake. Knight iliomba biashara hizo zifutwe, na ni za kampuni sita tu zilizofutwa, zile ambazo bei zake zilikuwa zimeruka kupita kiasi kilichowekwa na kanuni. Nyingine zote zilibaki kuwa deni lake. Siku hiyo hiyo ililazimika kuliuzia benki ya Goldman Sachs fungu kubwa la hisa hizo kwa bei ya chini, kwa sababu haikuwa na mtaji wa kukaa nazo hadi asubuhi.

Hisa ya Knight yenyewe ilikuwa dola 10.33 soko lilipofungwa Julai 31. Agosti 2 ilifungwa dola 2.58. Agosti 6 kundi la wawekezaji, wakiwemo Jefferies, Getco, Blackstone na TD Ameritrade, liliingiza dola milioni 400 kwa masharti ya kuweza kuzigeuza kuwa hisa kwa dola 1.50 kila moja. Kampuni ikapona. Lakini wenye hisa wa awali walibaki na kama robo tu ya mali yao ya wiki iliyotangulia. Mwaka uliofuata Knight iliunganishwa na Getco, na mwaka 2017 kampuni iliyotokana na muungano huo ikanunuliwa na Virtu. Faini ya Tume ilikuwa dola milioni 12, fedha ndogo ukilinganisha na hayo.

Knight angalau ilikuwa na pa kurudi, ingawa ilirudi vibaya. Benki ya TSB ya Uingereza haikuwa napo. Mwaka 2015 TSB ilinunuliwa na benki ya Sabadell ya Hispania, huku ikiendelea kupanga mitambo ya mmiliki wake wa zamani, Lloyds. Ili kuachana na kodi hiyo, iliamua kuwahamishia wateja wake kwenye mitambo mipya, wengi wao kwa mkupuo mmoja, mwishoni mwa wiki ya Aprili 20 hadi 22, 2018. Mizania za wateja zilihama salama. Mitambo iliyozipokea ndiyo iliyoshindwa kubeba mzigo. Benki ilikuwa na wateja milioni 5.2, na matawi yote yaliathirika. Watu walishindwa kuingia kwenye akaunti zao, na wengine walilalamika kuonyeshwa akaunti zisizo zao.

Kwa nini hawakurudi kwa Lloyds Jumatatu asubuhi? Tatizo ni lile lile la biashara iliyokwisha fanyika. Mteja wa kwanza akilipa bili kwenye mitambo mipya, daftari la zamani linakuwa si la kweli tena. Akilipa wa milioni, madaftari mawili yameachana kiasi kwamba kurudi nyuma ni kuhamisha benki upya kwa kinyume, bila maandalizi. Kwa kazi ya namna hii kuna saa maalumu, kwa kawaida usiku kabla ya milango kufunguliwa, ambayo ikipita njia ya nyuma imefungwa. Uamuzi wa kuivuka ni wa wakurugenzi, wala hautakiwi kuachiwa fundi wa zamu. Uchunguzi uliofanywa na mawakili kwa niaba ya bodi ya TSB ulieleza kuwa benki ilikuwa na vituo viwili vya kompyuta, lakini majaribio muhimu ya mzigo yalifanyika kwenye kimoja tu. Walivuka bila kujua upande wa pili wa daraja ukoje.

Hali ya kawaida ilirejea Desemba 2018, miezi minane baadaye. Fidia kwa wateja ilikuwa pauni milioni 32.7, na Desemba 2022 wasimamizi wa mabenki waliitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65. Gharama zote za mwaka ule zilizotokana na uhamisho huo zilipita pauni milioni 330. Mkurugenzi mkuu wake, Paul Pester, aliondoka Septemba 2018.

Kuna aina nyingine ya mkwamo, ambapo njia ya kurudi ipo na inajulikana, ila mitambo haifikiki. Julai 19, 2024 kampuni ya CrowdStrike, inayolinda kompyuta za makampuni dhidi ya wahalifu, ilisambaza faili lenye kosa saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Ilipofika saa 2:27 ilikuwa imelirekebisha. Lakini kompyuta takriban milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zilikuwa zimekwisha kuzimika, na kompyuta iliyozimika haiwezi kupokea dawa kwa waya. Nyingi zilihitaji mtu aende ziliko, aziwashe kwa namna ya dharura na kulifuta faili kwa mkono. Shirika la ndege la Delta lilifuta safari kama 7,000 katika siku tano. Kosa lilikaa dakika 78. Kilichochukua siku tano ni kutembea kutoka mashine hadi mashine.

Makampuni yaliyokwisha kuungua hufanya kazi hii kwa taratibu ambazo hazina maajabu. Programu mpya huwekwa kwanza kwenye seva moja au mbili zenye wateja wachache, ikatazamwa kwa saa au siku kadhaa, ndipo zifuate nyingine. Kabla ya kufungua, mtu wa pili hulinganisha kilichomo kwenye kila seva, na hakubali kuambiwa kwa mdomo kuwa zote ziko sawa. Kitufe cha kusimamisha kila kitu huwekwa mahali panapojulikana, na mfanyakazi wa zamu hupewa mamlaka ya kukibonyeza bila kumtafuta bosi. Sehemu za programu zisizotumika hufutwa. Hili la mwisho hukataliwa sana na mameneja kwa sababu haliingizi fedha yoyote robo hii ya mwaka.

Gumu kuliko yote ni nakala za akiba. Karibu kila kampuni ukiiuliza itasema inazo. Lakini nakala ambayo haijawahi kurejeshwa kwenye mashine nyingine na kuhesabiwa senti kwa senti dhidi ya daftari halisi haitofautiani sana na stoo ambayo mwenye duka anaamini imejaa kwa kuwa mlango wake una kufuli. Wakaguzi wa hesabu huhesabu mali stoo kila mwisho wa mwaka. Stoo hii nayo wanaweza kuifungua.

Masoko yetu nayo yamo humo. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo Aprili 1998, na mwaka 2006 soko hilo na la Nairobi yote yalihamia kwenye biashara ya kompyuta. Mabenki na makampuni ya simu yaliyoorodheshwa humo hupata mapato yao kwa seva. Katika ripoti za mwaka mwekezaji atakuta kurasa nyingi kuhusu hatari ya mikopo na ya fedha za kigeni, na kuhusu mitambo aya moja au mbili zenye maneno ya matumaini.

Mwenye hisa hahitaji kuwa mhandisi ili aulize mkutanoni. Anaweza kuuliza ni lini mara ya mwisho kampuni ilijaribu kurejesha mitambo yake kutoka kwenye nakala za akiba, kazi hiyo ilichukua saa ngapi, na kama vitabu vilikubaliana baada ya hapo. Kisha aulize jina la cheo cha mtu mwenye ruhusa ya kuzima mitambo saa tisa za usiku.